Nani Anamtia Mama Wanja?

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikajikuta nimenyanyua kalamu, nasubiri uitikie. Nikasubiri kweli, kama mjinga, hapa sebuleni kwetu Ibra, saa nane ya mchana, kiyoyozi kinanguruma na nyumba nzima imelala. Hukuitikia. Uniwie radhi, lakini nilishukuru.

Nakuandikia kwa sababu kwa muda mrefu nilikatazwa kukuita marehemu. Dada yako, Shangazi Thureya, alipiga marufuku neno hilo ndani ya nyumba hii. Jirani akija kutoa pole na kusema "Allah amrehemu," Shangazi alimkodolea macho mpaka mtu wa watu akaishia kuusifia ukuta. Na mimi bintiyo, niliyesoma mpaka nikapewa kusimamia maktaba ya chuo huko Nizwa, nilinyamaza nikatii. Sasa marufuku imeondoka. Nataka ujue imeondokaje, maana jambo lenyewe linakuhusu, na huenda unalijua kuliko mimi.

Nianze na siku yenyewe, kama vile hukuwepo. Ulikwenda Al Qabil kwenye shamba la rafiki yako, msimu wa kuchemsha tende. Ulitoka kwenye moshi wa majiko, ukaenda kivulini, ukakaa ukaegemea ukuta wa udongo. Walipokuletea kahawa walikukuta macho wazi, hujibu. Joto lilikuwa kali, wanaume wakasema maiti asicheleweshwe. Wakakuosha huko huko, wakakusalia, wakakuzika kwenye makaburi ya ukoo kabla ya Alasiri. Mimi nilikuwa njiani natoka Nizwa. Nilipofika Izki simu ikalia, nikaambiwa mambo yamekwisha, niendeshe taratibu. Niliegesha gari kwenye kituo cha mafuta nikakaa humo nalia mpaka mhudumu akaja kugonga kioo.

Kwa hiyo sikukuona uso. Mama naye hakukuona, wala Shangazi. Wanawake wa nyumba hii walikuona mara ya mwisho asubuhi ile unatafuta viatu na kulalamika kwamba nyumba hii inakula viatu. Na makaburi yetu unayajua: mawe mawili, moja kichwani, moja miguuni, hakuna jina. Mjomba alinionyesha kwa mbali, akiwa ndani ya gari. "Lile pale," akasema, halafu akasema, "Au lile."

Unalikumbuka neno letu la mwisho? Kila Alhamisi nikirudi nyumbani ulinipigia simu, nikakuweka kwenye spika ya gari, ukanipa neno la Kiingereza la kuchimbua. Wengine baba zao huwauliza wameshakula. Wewe uliniuliza neno fulani lilizaliwa wapi. Mengi tuliyamaliza kabla sijafika nusu ya njia. Hili lilikaa miezi, na kosa ni la yule bibi wa kliniki.

Ulisimulia ukicheka mpaka ukakohoa. Ulikuwa pale kliniki kazini, unakalimani kati ya madaktari wageni na wagonjwa wetu, na bibi mmoja akakataa sindano. Muuguzi alikuwa amempaka pamba ya spiriti mkononi, bibi akanusa harufu. "Mnanitia ulevi mwilini, na mimi nitaswali vipi?" Ukamwambia asiogope, hata hilo neno lenyewe, "alcohol," si la Wazungu. Ni wanja wake mwenyewe, al-kuhl, Wazungu waliuazima wakasahau kuurudisha. Bibi akacheka akanyoosha mkono.

Ulipokuja nyumbani na habari hiyo Mama alikasirika. "Wanja wangu na ulevi, wapi na wapi? Sefu, usinitie madhambini." Ndipo ukanipa kazi. Wanja ni unga, ukasema, na ulevi ni maji. Unga umekuwaje maji? "Nitafutie, Rukia. Neno halihami nyumba bila sababu." Nilikuambia nitakujibu Alhamisi ijayo. Alhamisi ikapita, ikaja nyingine, nikawa na kazi nyingi, na wewe ukaenda Al Qabil.

Baada ya mazishi Mama aliingia eda. Shangazi alisimamia mwenyewe. Aliondoa dhahabu, udi, mafuta ya nywele, nguo zote za rangi, na kile kichupa cha fedha cha wanja pamoja na kijiti chake. Akanikabidhi mimi. Nikavifungia kwenye kabati la chumba changu na ufunguo nikauvaa shingoni. Mama alikaa chumbani kwenu na nguo yake nyeupe isiyo na hata uzi wa rangi, na uso wake bila wanja ulikuwa uso wa mtu nisiyemjua vizuri. Nilichukua likizo nikae naye. Mwanahawa, yule dada wa kazi kutoka Tanga, alikuwa akimlisha kwa kijiko, maana mikono ya Mama ilizidi kutetemeka. Kikombe cha kahawa kilijazwa nusu, na hiyo nusu nayo ilimwagika.

Jambo lenyewe lilianza mchana, wakati wa kulala. Unajua Ibra saa hizo. Maduka yamefungwa, mitaa haina hata paka, jua limekaa juu ya nyumba kama limetumwa. Mimi nililala kwenye godoro nje ya mlango wa Mama. Nilipoamka kwa adhana ya Alasiri niliingia kumwamsha. Alikuwa macho, amelala chali. Alikuwa na wanja.

Si doa, Baba, si mpako wa mtu anayetetemeka. Mstari mwembamba juu na chini ya kila jicho, umeanza kwenye pua ukaishia pembeni na kimkia kidogo kilichoinuka. Ule ule. Asubuhi zote za miaka ya mwisho, mimi nikiwa Nizwa, ndivyo ulivyomtia kabla hujaenda kazini, kwa sababu mikono yake ilishakataa. Sikuwahi kukuona ukimtia. Nilikuwa nikiona kazi tayari, Alhamisi jioni, na nikimtania kwamba ana fundi wake.

Nikamuuliza nani kamtia. Alijibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa saa ngapi. "Babaako."

Nikaenda mbio kabatini. Limefungwa. Ufunguo uko shingoni. Nikafungua, kichupa kimekaa pale pale. Nilipokishika kilikuwa na joto.

Nilimfuta Mama kwa pamba na mafuta kabla wageni hawajaja, maana mjane mwenye wanja kwenye eda ni maneno ya mji mzima. Kesho yake, wakati ule ule, wanja tena. Keshokutwa tena. Shangazi alipoona hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Alikaa chini polepole, akashika magoti yake, na uso wake ukaingia nuru, na nuru hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Sefu hajafa," akasema. "Kaghibishwa."

Wewe umezaliwa Unguja lakini umekulia huku Uarabuni, hunihitaji nikueleze. Anayekufa ghafla na jamaa zake wasimwone, hawakosi watu wa kusema kwamba hakufa. Mchawi kamficha, kamchukua kumtumikisha, na kule kaburini mmelaza kigogo cha mtende kilichovishwa sura yake. Naye kila akipata mwanya huja kwao, huingia, hugusa vitu vyake, huondoka. Shangazi alisema ndiyo maana asiitwe marehemu: kumwombea rehema mtu wa namna hiyo ni kumfungia mlango asirudi. Khitma, kisomo cha kukuombea, ikasimamishwa. Viatu vyako vikarudishwa mlangoni, vimeelekezwa ndani.

Mimi huyacheka mambo haya, hasa mchana. Lakini haya yalikuwa yakitokea mchana, na sikupata muda mwingine wa kuyachekea. Nilianza kulala na mgongo ukutani. Nikipita sebuleni saa nane nilikuwa nikinyata, kama kuna mtu nitamwamsha. Na kuna jambo nitakuambia wewe tu. Nilipoviona viatu vyako vimeelekezwa ndani, kitu kifuani mwangu kiliruka kwa furaha. Nilikuwa natamani Shangazi awe mkweli.

Nilipoona nitachanganyikiwa nilikwenda Nizwa siku chache, nikasema nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa neno lako. Nilifikiri nikilimaliza utatulia. Nilikaa maktaba na vitabu nilivyokuwa navipuuza, nikalifuata neno nyumba kwa nyumba kama ulivyonifundisha. Sikiliza nilichokipata, Baba, ni kizuri.

Waarabu wanasema kuhl. Wayahudi wa kale nao walikuwa na kitenzi chake, cha kupaka macho. Na nyuma yao kabisa, Babeli, watu walioandika kwa kudunga udongo mbichi kwa ncha ya tete, walikuwa nalo: guhlu. Wanja wa macho, kwenye vibao vya udongo. Wanawake waliokufa kabla ya Nabii Isa kuzaliwa walitazama juu wakatiwa wanja, na waliuita kwa jina karibu na hili la Mama. Nilipolisoma nilinyanyuka nikatembea kati ya rafu, sikuweza kukaa.

Halafu Wazungu waliosomea kemia kwenye vitabu vya Waarabu wakalibeba, pamoja na "al" yake begani. Kwao mwanzoni halikuwa ulevi hata kidogo. Lilikuwa unga laini kabisa wa kitu chochote, hasa ule unaopatikana kwa kukichoma kitu mpaka kipae kisha ukinase juu. Baadaye likawa jina la kile kilicho safi ndani ya kitu, kinachobaki ukiondoa takataka zote. Wakasema alkoholi ya divai: unachemsha divai, kinachopaa unakinasa, unakipoza. Mwisho wakaichoka divai kuitaja, likabaki jina peke yake.

Kwa hiyo unga haukugeuka maji. Kilichohama ni ile kazi, Baba. Ni kazi ya Mama! Si ndivyo anavyoutengeneza wanja wake? Anawasha ubani, anafunika bakuli la udongo juu ya moshi, anangoja, kisha anakwangua masizi yaliyoshika kwa unyoya. Ananasa kinachopaa. Nilicheka peke yangu mpaka mwanafunzi mmoja akanitazama. Nikachukua simu nikupigie. Nilishafika kwenye jina lako, kidole kiko juu ya kioo, ndipo nikakumbuka.

Na hapo uchangamfu ulikatika, nikaanza kufikiri vibaya. Nilifikiri juu ya ule ukuta wa Al Qabil, na wewe umeegemea macho wazi, na kile kilichopaa kutoka kwako. Nikafikiri: ni nani aliyekuwa amefunika bakuli? Maana hata neno lenyewe lilipomaliza safari yake lilirudi kwa Waarabu, nao wakalipokea kama geni. Ulevi wa maabara wanauita kuhul, na wengi hawajui kwamba huyo ni mtoto wao aliyepotea. Lilibisha hodi kwao na mamake hakulitambua sura. Nilijiuliza kama kuna watu wanaorudi hivyo.

Siku nilizokuwa Nizwa wanja haukuonekana. Shangazi akasema wewe umekasirika kwa kuwa nimeondoka. Nikarudi Ibra, wanja ukaonekana siku ile ile. Mpelelezi yeyote wa darasa la nne angeshajua jibu. Mimi, msomi, nikasoma Ayatul Kursiyu nikalala.

Kisha Mama akasema anatoka.

Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko kilio. Alisema mwanamke ambaye mumewe huja kila mchana kumtia wanja hana sababu ya kukaa eda. Shangazi alikuwa amepata mwalimu mmoja, nje ya Izki, anayewarudisha walioghibishwa. Wangeenda Jumatano. Mama alitaka nguo yake ya kijani na alitaka mimi niendeshe gari. Baba, unajua eda haingoji mtu. Inahesabiwa tangu ulipokata roho, na inakwisha umekaa au hukukaa, ukiipoteza huwezi kuilipa. Mama aliyeswali maisha yake yote alikuwa tayari kuivunja na kwenda kwa mganga kukuita. Na nilijua kingefuata nini. Angerudi, angengoja. Angengoja mwaka, angengoja miaka, amevaa kijani, kila mchana amelala chali. Tungempoteza na yeye angali hai.

Nikapinga. Nikasema kuna mtu wa humu ndani anayefanya mchezo huu, na siendeshi gari mpaka nimjue. Shangazi akageuka akamtazama Mwanahawa aliyekuwa amesimama na sinia. Nani mwingine huingia chumbani? Akasema kama ni hivyo basi msichana akatiwe tiketi arudi kwao leo leo. Na mimi, nikiwa nimeona upenyo wa kuizuia safari, nikanyamaza. Nilikaribia kumwacha aondoke kwa ajili yangu.

Mwanahawa aliweka sinia chini.

"Mie si mtu wa maneno, Bi Thureya, lakini sitarudishwa Tanga kwa jambo si langu. Ni dada Rukia. Nilimwona siku ya kwanza nikadhani ndivyo mlivyokubaliana, mambo ya wakubwa. Mara ya pili nikaona macho yake. Yako wazi na hayaoni. Kwetu mtu wa hivyo hasemeshwi."

Akaeleza. Naamka, anasema, katikati ya usingizi. Natoa ufunguo shingoni, nafungua kabati, nachukua kichupa nakiweka kiganjani nakipasha joto. Naingia kwa Mama, nakaa ukingoni mwa kitanda, namshika kidevu kwa vidole viwili. Nasema maneno. Namtia. Nafuta kijiti kwenye ukucha wa kidole gumba, narudisha kila kitu, nafunga, nalala.

Nilitazama kidole changu gumba. Weusi ule nilikuwa nimeuona siku nyingi. Nilidhani ni wino wa mashine ya chuo uliogoma kutoka.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, maneno gani. Mwanahawa akayasema, akitazama zulia kwa haya:

"Tazama dari, Zuwena. Usinitazame mimi, nitacheka."

Sijawahi kusikia maneno hayo maishani mwangu, Baba. Naapa. Mama alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Baada ya muda alituambia kwamba maneno hayo yalikuwa yako na yake, mlango umefungwa, asubuhi za kazi, na kwamba yalianza mikono yake ilipoanza kutetemeka, mimi nimeshahamia Nizwa. Hakuna aliyeyajua. Shangazi alianza kusema "Si niliwaambia," lakini hakumaliza.

Nikamuuliza Mama: kama ulikuwa macho, kwa nini hukunitazama? Ungeona ni mimi.

"Nimeambiwa nitazame dari."

Kisha akasema, polepole sana, "Na niliogopa. Nikitazama nisimkute je?"

Nililia, yeye akalia, Mwanahawa akalia jikoni. Shangazi alitoka akaenda kukaa karibu na viatu vyako. Nikasema nitafungwa mikono, nitakwenda kulala kwa jirani, kichupa kitatupwa. Mama akakataa. Akasema kesho nilale pale pale, na ufunguo wangu, kama kawaida. Anataka kutazama. Akasema atatazama yeye mwenyewe, hakuna atakayemtazamia.

Nilidhani sitapata usingizi. Nilipata, mzito, kama mtu aliyekunywa dawa. Kilichotokea nakieleza kwa mdomo wa Mama, kwa sababu mimi sikuwepo.

Anasema mlango ulifunguka, godoro likazama pembeni yake, vidole viwili vikamshika kidevu. Maneno yakaja, na sauti yangu ilikuwa nzito kuliko ilivyo. Akatazama dari. Kijiti kikapita jicho la kulia, baridi. Alitaka kungoja na la kushoto, anasema, jicho moja tu zaidi, Mungu amsamehe. Halafu akateremsha macho.

Akaniona. Uso wangu, nywele zangu zimevurugika, macho wazi yanamtazama bila kumwona. Na nilipotazamwa, nilicheka.

Mama anasema kicheko hicho si changu. Anasema ni kile cha kujizuia, kinachotokea puani kwanza, mabega yakitikisika, cha mtu aliyesema atacheka na kweli amecheka. Ameishi nacho miaka thelathini na zaidi, hawezi kukikosea. Hakupiga ukelele. Alininyang'anya kijiti, akautwaa mkono wangu akaubana kifuani kwake, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, kwa mara ya kwanza tangu ufe, "Allah akurehemu, Sefu. Nenda. Nimekuona."

Nilizinduka hapo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwenu, mdomo wangu umebaki wazi na mbavu zinaniuma. Mama alikuwa na wanja jicho moja. Alichukua upindo wa nguo yake nyeupe akaufuta mwenyewe, kwa mkono wake unaotetemeka, akajipaka masizi mpaka shavuni, na hakuniruhusu nimsaidie.

Yamebadilika tangu siku ile. Mama amekaa eda yake sawasawa, na siku zilizompita anamwomba Mungu amsamehe. Safari ya Izki haikuwa. Khitma ilisomwa, watu wakajaa mpaka uani, na jina lako likatajwa na rehema zake, mara nyingi, na kila likitajwa Shangazi aliinamisha kichwa. Viatu vyako alivitoa sadaka mwenyewe. Mwanahawa nilimwomba msamaha, akasema yamekwisha, lakini bado nikisinzia kwenye kiti huondoka chumbani. Simlaumu. Kichupa tumekipeleka kwa Mjomba, ng'ambo ya mji, mpaka eda iishe. Nimelala michana mingi tangu hapo, na kidole changu ni cheupe.

Sitakuuliza kama ulikuwa wewe. Nimejiuliza vya kutosha mwenyewe. Huenda ni huzuni tu iliyosimama ikatembea na miguu yangu, na maneno yale niliyapata mahali nisipopakumbuka, na kicheko cha mtoto hufanana na cha babake. Nayakubali yote hayo mpaka jua linapofika pale dirishani saa nane, na nyumba inanyamaza. Ikiwa ulikuwa wewe, basi mkono wangu ulikuwa wako siku zile, nimekuhalalishia. Kumpenda Mama hakujawahi kuwa kosa. Lakini mkono nimeuchukua. Nauhitaji.

Nakupenda, Baba. Nimekukosa kwenye gari, nimekukosa Alhamisi, na jibu la neno lako ninalo na sina wa kumpa, ndiyo maana limo humu. Sasa nakuaga, kwaheri ambayo sikuipata pale Izki kwenye kituo cha mafuta. Na nakupa ahadi moja. Eda ya Mama ikiisha nitamkalisha penye mwanga, nitamshika kidevu, nitamtia wanja mimi, nikiwa macho, na nitamwambia anitazame mimi.

Allah akurehemu, marehemu baba yangu. Siku hiyo usije.

Bintiyo,
Rukia